Tia Kivuli Usichokitaka

Usiku wa kuamkia mtihani niliota nimesimama juu ya karatasi ya grafu, nayo ni pana kama uwanja wa mpira.

Hisabati nimefeli mara mbili, na bila Hisabati chuo cha uuguzi hakinipokei. Nimedeki wodi miaka kumi na mmoja nikiwatazama wauguzi kwa wivu. Kinachoniangusha ni swali lile lile la grafu. Mwalimu Mwasomola kila siku: "Tusajigwe, tia kivuli usichokitaka, ubakize eneo jeupe!" Mimi huishia kupaka ninachokitaka.

Basi, tatu kulia na mbili juu, naona kiti. Juu yake limekunjwa gauni la muuguzi. Na pale mihimili miwili inapokatana amekaa mzee wa mviringo, anatafuna karanga.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mimi Sifuri-Sifuri. Nipime."

Mstari wa kwanza unapita ukitangaza: x jumlisha y isipungue nne! Nampima mzee. Sifuri na sifuri ni sifuri. Imepungua.

"Basi upande wangu hautakiwi," anasema. "Nipake."

"Nitakupakaje, babu, na salamu umeniitikia?"

Rula inakohoa kwapani mwangu. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mara mbili umemhurumia huyu, ukapaka kiti."

Aibu ikanishika, maana ni kweli. Nampaka kwa penseli yangu mpya. Anazama kivulini akicheka, na karanga zake.

Mstari wa pili ni wa vipande vipande: y iwe chini ya sita. "Kunisogelea ruksa," unasema, "kunikanyaga marufuku." Napaka juu yake. Wa tatu haukukatika popote: x isizidi tano. "Mimi nikanyage tu, nimo." Naukanyaga, napaka kulia kwake.

Inabaki pembetatu nyeupe pee, na kiti changu ndani. Nakaa. Gauni linanienea. Karatasi sasa ni wodi, na wagonjwa wanapiga vigelegele: "Nesi Tusajigwe!" Sijawahi kufurahi hivyo nikiwa macho.

Nikaamka. Penseli niliyoinunua jana, hata kuichonga bado, imebaki kipande cha kushikwa kwa kucha.

Nikapitia dukani kununua nyingine.

"Ile ya jana iko wapi?" akauliza Mama Anyosisye.

"Imeisha," nikamwambia. "Nisichokitaka nimekwisha kukipaka chote."