Waya wa Breki

"Kulungu wako wamemaliza maharage yangu!"

"Si wangu, shemeji."

"Wanalala kwako, wanazalia kwako, kula wanakuja kwangu. Sasa ni wa nani?"

Fundi Baiskeli alikuwa ameshika mche wa maharage uliokatwa kichwa, anaupunga mbele ya uso wa Mama Pacha kama kiboko. Majirani walikwishatoka nje. Mmoja alikuja na kigoda chake kabisa, asipitwe na neno.

"Kifyeke kile kichaka. Leo hii."

"Nikikifyeka wananitoa. Unajua."

Alijua. Mume wa Mama Pacha alipofariki, watu wa hifadhi walimwachia shamba lile la mpakani kwa sharti: ukanda wote wa chini uwe pori, usiguswe na panga, mbwa asifugwe, moto usiwashwe. Wakachomeka kibao: SHAMBA RAFIKI WA WANYAMA. Tangu siku hiyo watoto wa mtaani wakamwita Rafiki. Maharage yake mwenyewe yalikwisha kuliwa zamani, tena kabla ya yale ya Fundi, lakini nani amwonee huruma mwenye kulungu?

"Haya, Rafiki. Nitajua la kufanya," Fundi alisema, akautupa mche miguuni pake.

Wiki haikuisha, gari la hifadhi likasimama penye kibao. Afisa alitoka kichakani suruali imejaa magugu, mkononi kitanzi cha waya. Waya wa breki ya baiskeli. Damu ilikuwa bado mbichi, na manyoya yamenasia pale kitanzi kinapokaza.

"Huu wa nani, mama?"

Mama Pacha aliutambua kabla hajaulizwa. Akilini akamwona Fundi na pingu, na mkewe na tumbo lile la miezi minane, na watoto wamejipanga ukutani.

"Sijui, baba."

"Kichaka ni cha nani?"

"Changu."

"Basi mtego ni wako."

"Na kulungu waliomo?"

"Kulungu ni wa serikali." Wala hakuwa anatania. "Ijumaa uje ofisini na jina. Huna jina, funga mizigo."

Jioni Mama Pacha alivuka kwenda kwa Fundi, maneno ameyapanga njia nzima: ajitaje mwenyewe, tafadhali, kwa heshima ya marehemu mumewe, aliyekuwa rafiki wa Fundi. Alifika mlangoni. Harufu ilimtangulia kumpokea. Nyama. Nyama na vitunguu.

Ndani, juu ya mkeka, pacha wake walikuwa wamebanana na watoto wa Fundi, midomo inang'aa mafuta, wanafyonza mfupa mmoja kwa zamu. Hawakuinua macho. Mke wa Fundi, mkono mmoja kiunoni, alikuwa tayari anapakua sahani nyingine.

"Gari limeshaondoka, si ndiyo?" Fundi aliuliza, akicheka kidogo. "Sasa, shemeji, mbona unanisimamia mlangoni kama askari? Nyie, sogeeni huko, mama yenu apate pa kukaa. Ingia. Ingia ule."