Jembe la Hongera

Kwenye kilima chetu hapa juu ya Lushebere, mwanamuke anapimwa kwa udongo wake. Shamba likiwa jeusi, limepinduliwa vizuri, unasifiwa. Likiwa na mabua ya musimu uliopita yamelala chini, wewe ni muvivu, basi, kesi imeisha! Lakini mimi nilichoka kuona mvua ikibeba udongo wangu mpaka barabarani kila mwaka. Mimba ilipokuwa kubwa, niliacha jembe. Nilitoboa vishimo kwa kijiti kati ya mabua, nikatia mahindi, na maharage katikati ya mistari. Mbegu yangu yote, sikubakiza hata kiganja.

Sikuambia muntu. Nilikuwa nimejaribu kipande kidogo musimu wa mbele ya hapo, jirani yetu Mama Mukagasana akanichekea mulangoni mwa kanisa: "Kétsia analima akiwa amelala!" Mamamukwe wangu, Mama Colette, akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha nikazaa. Kitovu cha mutoto hakijaanguka bado, nikasikia nyimbo shambani. Ee Mungu wangu, nilisahau! Kwetu mwanamuke akizaa, mamamukwe anakusanya wamama wenzake wamulimie. Njo hongera yenyewe.

Nikafika mulangoni na mutoto kifuani. Majembe yanapanda, yanashuka, mabua yanachomwa moto. Mbegu hazikuwa zimechomoza, wao waliona takataka tu. Mama Colette akanipungia mukono, jasho linamutiririka, uso unang'aa kwa furaha.

"Kétsia, mutoto yangu! Leo hakuna mwenye atakucheka tena!"

Wewe ungesema nini? Wamama wameacha mashamba yao kwa ajili yako. Niliona haya kuwaambia. Nikasema, "Aksanti, wamama," halafu nikawapimia kasiksi, pombe yangu mwenyewe ya ndizi, wanywe. Mama Mukagasana naye alikuwa kati yao; kikombe chake nilitaka kumumwagia kichwani.

Mvua iliwafukuza kabla hawajafika kona ya juu, kwenye migomba. Ilinyesha mpaka asubuhi. Ule udongo mweusi wa kusifiwa tuliukuta barabarani, pamoja na mbegu zangu.

Siku zikapita, mahindi yakachomoza kwenye ile kona tu, kati ya mabua, maharage pembeni yake. Mama Colette alikuja, akasimama pale, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Ulikuwa umeshapanda?"

"Ndiyo, Mama."

"Shamba yote?"

"Yote."

"Na ukanipa kasiksi."

Aliondoka bila kuaga. Nililia sana, nikijua nimemutia haya mara ya pili.

Jumapili watu wakitoka kanisani walimukuta barabarani, na kitenge chake kizuri, anazoa udongo kwa mikono na kujaza kikapu.

"Mama Colette, unatafuta nini mu matope?" Mama Mukagasana akauliza kwa sauti.

"Shamba ya mutoto yangu. Ni mimi niliimwaga huku."

Akajitwika kikapu, akaanza kupanda kilima mbele yao wote. Nikakimbia, mutoto mugongoni, nikakishika kile kikapu.

"Mama, acha! Watu wanatuangalia."

"Wacha waangalie." Akakivuta kikapu kwake. "Siku ile ulibeba haya yangu peke yako, ukanipa na pombe juu. Udongo, niachie mimi."