Uso wa Viateur Kwenye Ramani

Uso wa Viateur ulifika kwenye kona ya barabara, kabla ya Nyabiondo, ukasimama. Ramani ikaganda. Kanyere aligusa kioo cha simu, akagusa tena, hakikusogea kitu. Halafu programu yote ikajifunga yenyewe, ikaacha kioo kitupu chenye saa na picha ya mtoto.

"Imekufa tena," alisema Verdiane.

"Haiyakufa, Mama Umugwaneza. Imebloke tu. Acha ipumue kidogo."

Aliyasema hayo kwa sauti yake ya kazini, ile aliyowatulizia wateja wote. Kibanda chake cha mbao kilikuwa Lushebere, kando ya njia inayopanda kwenye kambi ya wakimbizi, na juu ya bati lake palikuwa na paneli ya sola iliyofungwa kwa waya. Alitoka Butembo na bidhaa za kaka yake. Kaka akarudi, yeye akabaki, kwa kuwa watu hawakuacha kumletea simu zao: zilizotumbukia majini, zilizolaliwa na watoto, zilizokimbia vita ndani ya mifuko ya unga. Hakuna iliyowahi kumtisha. Hii ya Verdiane ilikuwa imeanza kumtisha. Siku hizi akisikia kandambili zake zikishuka mteremko, aliweka chini kila alichoshika.

Viateur, mume wa Verdiane, alikuwa amezikwa kwa maneno tu. Alikwenda Walikale na jirani yake, Jacques, wakibeba maharagwe, ili warudi na mafuta ya mawese kutoka Itebero. Akarudi Jacques peke yake, midomo imepasuka kwa njaa, akasema risasi zililia walipokuwa wanakaribia mto, kila mmoja akakimbilia kwake, na alipogeuka alimwona Viateur akianguka. Mwili haukuletwa. Watu walikaa matanga nje ya hema la Verdiane, wakaimba, wakanywa chai. Kanyere mwenyewe alipeleka sukari.

Baada ya matanga ndipo Verdiane alipokuja na simu mara ya kwanza. Hakusema anatafuta nini. Alisema tu kwamba ramani inajifunga kila akiifungua. Kanyere alifanya anayoyafanya siku zote. Aliizima simu na kuiwasha. Akailazimisha programu ifunge, akafuta mabaki ya muda ambayo programu hujirundikia kama jivu mafigani. Bado. Akatazama nafasi iliyobaki, akakuta simu imejaa hadi kooni: video za kwaya, picha za mahindi, nyimbo zilizorudiwa mara nyingi. Palikuwa na njia ya mkato, kuifuta programu na kuiweka upya, na kidole chake kilikuwa kimekwisha inuka pale Verdiane alipomdaka mkono.

"Ukifuta, itaniuliza kode?"

"Itauliza. Jina na kode ya siri."

"Mimi siijue. Viateur njo aliiweka. Mbele ya kwenda alisema, 'Nitakuwa naonekana humu, nawe nitakuona, usiwaze.' Ile kode iko mu kichwa yake yeye peke."

Kanyere akaushusha mkono. Akaelewa kilichomo ndani ya simu ile, na kwamba kidole kimoja kisicho na subira kingekizima moja kwa moja. Basi akafuata njia ndefu. Alihamisha video za kwaya kwenye kadi, moja baada ya nyingine. Akafunga kila kilichokuwa kinakula nguvu kwa siri. Akachukua toleo jipya la ramani kutoka simu yake mwenyewe, akalipandisha juu ya lile la zamani bila kufuta kitu. Mvua ilikuja ikapita. Verdiane alikaa kwenye kigoda, hata hakuegemea ukuta.

Ramani ilipofunguka ilikuwa kijani kitupu, msitu usio na jina hata moja. Katikati ya kijani hicho, ndani ya duara dogo, alikuwako Viateur na kola yake ya Jumapili, akitabasamu kama mtu aliyeambiwa asitikisike. Wanawake wale wawili waliinamia kioo. Kisha duara likasogea.

Kanyere alikuwa na maneno tayari. Alitaka kusema kwamba kinachotembea ni simu, na simu hutembea na yeyote: kuna anayeiokota, kuna anayeipokonya. Lakini Verdiane alikuwa amekwisha simama, anafunga kitenge kiunoni.

"Niende nifue shati yake," alisema.

Tangu hapo uso ule haukuacha kuja. Ulipotea palipokosa rezo, yaani mtandao, ukaibuka mbele zaidi, kila mara upande wa huku. Uliibuka Walikale sokoni. Uliibuka kwenye barabara ya milimani. Kila ulipoibuka programu iliganda, na Verdiane akashuka mbio, na Kanyere akaifungua tena. Habari ilipanda kambini kabla ya Verdiane mwenyewe. Wanawake waliochota maji naye walianza kutafuta saa nyingine ya kuchota. Jacques alihamia kwa shemeji yake, Masisi centre, hata hakuaga. Na asubuhi moja bibi mmoja wa kambini, Mukandori, aliyeongoza nyimbo siku ya matanga, alifika kibandani bila simu, akashika nguzo ya mlango.

"Binti yangu," alisema, "ile kitu unamutengenezea Verdiane, iache ibloke."

"Juu ya nini, mama?"

"Tulimulilia yule mwanaume mupaka mwisho. Mwenye tumelilia hivyo, akirudi, anarudi na nini?"

Kanyere alicheka ili bibi acheke. Bibi hakucheka.

Siku ile uso uliposimama kabla ya Nyabiondo iliisha hivyo. Kesho yake ukungu haukuondoka milimani, na sola haikuvuta kitu. Kanyere alikuwa ameinamia simu yenye kioo kilichopasuka, akisafisha tundu la chaji kwa mswaki, alipohisi kwamba mwanga wa mlango umepungua. Mwanaume alikuwa amesimama pale. Alivaa buti za mpira na koti kuukuu lisilo na vifungo, na mkono wake mmoja ulifungwa kitambaa. Kanyere hakuwa amemsikia akija.

"Jambo, mama. Njo wewe unatengenezaka simu?"

"Njo mimi. Karibu, papa. Iko na nini?"

Mwanaume aliingiza mkono kifuani, akatoa simu ya kifuniko cha kijani iliyoviringishwa kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani polepole, kama mtu anayeweka kitu kinachouma.

"Inabloke," alisema. "Kila kitu ninafungua, ramani inafunguka yenyewe, inabloke hapohapo. Nataka uisafishe yote. Kila kitu kitoke."

Kanyere aliiwasha. Haikuwa na kufuli. Ramani ilijifungua bila kuguswa, ikaganda, na kwenye kioo palionekana mstari mmoja wa buluu ukitoka mtoni, ukikata msitu, ukipanda milima, hadi mahali palipokuwa na duara dogo lenye uso wa mwanamke. Ulikuwa uso wa Verdiane.

Alijikaza asiinue macho. Aliusoma mstari ule kama anavyosoma waya zilizoungua, akatafuta mahali kitu kilipokatikia. Programu haikuwa na kosa kubwa. Ilikuwa imeombwa jambo moja, ikashikwa humo humo mtandao ulipokatika, na tangu wakati ule, kila ilipoamshwa, ililirudia ombi lile kabla ya jingine lolote. Mwenye simu, kwa mara ya mwisho alipoishika, alikuwa ameiuliza njia ya kwenda nyumbani.

"Jina lako ni nani, papa?" aliuliza.

"Evode."

"Papa Evode, kaa kwanza pale ku kigoda, simu imepata moto. Nitoe batri, ipumuzike, halafu niisafishe."

Akafungua mgongo wa simu, akachomoa betri, akaiweka mbali upande wa pili wa meza. Alijua Verdiane yuko kambini na simu yake mkononi. Alijua pia kwamba, kwenye kioo cha Verdiane, Viateur amekwisha kufika. Nje ukungu ulikuwa mweupe na mzito, na hakuwako mtu wa kumwita. Akamtazama yule mwanaume mkono ule uliofungwa, akajiuliza kama ni jeraha la panga au la shamba.

"Uliipata wapi?"

Evode hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyengoja kuulizwa kutoka mbali. Lakini kabla hajajibu, kandambili zilisikika mteremkoni, zikianguka, zikiinuka, na Verdiane akatokea ndani ya ukungu, simu ameinyoosha mbele, kitenge kimeshika matope hadi magotini.

"Viateur!" aliita. Akaingia. Akamwona mwanaume aliyekaa kwenye kigoda, na kwa muda mfupi uso wake ulifunguka wote. Kisha ukafunga, taratibu. Akatazama simu yake, akatazama meza, akaitambua ile nyingine kwa kifuniko chake cha kijani.

"Bwana yangu iko wapi?"

Evode alisimama. "Mama, mimi sikumuona mutu. Naapa mbele ya Mungu. Nilikuwa natoka kuchimba, ngambo ya Itebero, nikafika ku muto. Ku jiwe kulikuwa koti. Ilikunjwa vizuri, vile mutu anakunja nguo ya kanisa. Juu ya koti njo simu. Ilikuwa inalia."

"Na damu?"

"Hakukuwa damu. Hakukuwa alama ya mutu kuanguka. Kulikuwa koti tu, na simu. Niliita. Nikangoja. Hakuna mwenye alijibu."

"Ukabeba."

"Nikabeba. Mama, nilitaka kuiuzisha Walikale. Kila mutu mwenye anaiwasha anakuta ile ramani na ile uso yako, anairudisha mu mukono yangu. Kwetu ni Rutshuru, sina mutu huku. Lakini kila njia ninashika, naona niko nafuata ule mustari." Alitazama mikono yake. "Nimechoka nayo. Nilisema ikisafishwa itaniacha."

Verdiane alikaa chini, hapo hapo sakafuni. Hakulia. Alikunja upindo wa kitenge, akaukunjua, akaukunja tena. "Mutu anakimbia risasi," alisema, kama anayejisemea, "anasimama kwanza kukunja koti?"

Evode alivua kofia yake, akamwambia pole, akatoka bila kuichukua simu. Kanyere alimsindikiza kwa macho mpaka ukungu ulipomfunika, na aliona kwamba hakurudi njia aliyotokea wala hakupanda kambini. Alikata moja kwa moja mashambani, akitembea haraka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Waliobaki walikuwa wanawake wawili na simu mbili. Ya kifuniko cha kijani ilikuwa imelala kifudifudi, mgongo wazi, tumbo tupu. Kanyere alikuwa anatafuta la kumwambia Verdiane pale simu ya Verdiane ilipotikisika sakafuni.

"Dada Kanyere," alisema Verdiane. "Ametoka."

"Nani?"

"Viateur. Ametoka hapa."

Kanyere alichuchumaa. Duara halikuwapo tena juu ya Lushebere. Akapapasa ramani, akapita milima, akapita kijani, mpaka akaukuta uso ule chini kabisa, Hombo, kwenye barabara ya Bukavu, ukitabasamu na kola yake. Imeganda, aliwaza. Ni kosa. Akailazimisha programu ifunge. Akazima simu, akaiwasha, akangoja rezo kwa kuinyanyua dirishani. Akafungua. Hombo. Akageuka kutazama betri aliyoichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa pale pale mezani, kando ya mswaki.

"Nielezee," alisema Verdiane. "Wewe njo unajua hizi vitu."

"Inaweza kuwa," Kanyere alianza, akaanza upya. "Kama muntu anashika simu ingine, anaandika jina ya Viateur na kode yake, sura inaacha simu ya zamani, inaenda kwa ile mupya."

"Kode iko mu kichwa yake."

"Njo," Kanyere alikubali.

"Basi kichwa yake iko Hombo."

Palikuwa na jambo jingine Kanyere alilolijua, kwamba kode inaweza kutolewa kichwani mwa mtu kwa njia nyingi, na nyingine hazisemeki mbele ya mke. Nje, jogoo wa mtu aliwika ndani ya ukungu, saa isiyo yake.

"Barabara ya Hombo ni mbaya," alisema badala yake.

"Barabara gani iko muzuri?"

Verdiane aliichukua simu, akaifuta matope kwa kiganja. Ile ya kifuniko cha kijani hakuigusa hata kidogo.

Aliondoka asubuhi iliyofuata kuelekea Hombo. Kanyere alikuwa anafungua mbao za kibanda alipowaona wakishuka, mama na mtoto wake, Umugwaneza. Mama alikuwa na godoro kichwani lililofungwa kamba, na shati jeupe la kiume, lililopigwa pasi, ametandaza juu ya mkono kama anayekwenda kumvisha mtu aliye chumba cha pili. Kanyere aliinua mkono. Verdiane alitikisa kichwa kidogo tu, kwa sababu ya mzigo, na macho yake yakabaki barabarani. Mtoto ndiye aliyegeuka kutazama nyuma. Ukungu uliwapokea kuanzia miguuni, ukapanda, ukafunika mtoto, kisha mama, kisha godoro. Na kwa muda mrefu lilibaki lile shati, jeupe ndani ya weupe, likisogea polepole kwa urefu wa mkono wa mtu.