Mkono wa Mkaguzi

Hadubini ya kwanza niliyoigusa maishani mwangu ilishushwa kwenye lori mchana wa jua kali, siku moja kabla ya wakaguzi wa wizara kuja chuoni kwetu. Nilikuwa mwaka wa tatu. Wa tatu! Nasomea kupima damu za watu, na hadubini nilizozijua ni zile ambazo mwalimu wetu wa maabara alituchorea ubaoni kwa chaki. Alichora vizuri, haki yake tumpe. Tulimtania kwamba alikosea fani.

Lori lilishusha hadubini, mashine ya kuzungushia vichupa vya damu, jokofu, mabomba ya sindano, mpaka stuli za kukalia. Wachukuzi hawakuuliza kitu gani kikae wapi, walijua. Chumba tulichokiita maabara, ambacho siku zote kilikuwa ghala la madawati mabovu, kikawa kama cha hospitali kubwa kabla jua halijazama. Mkuu wa chuo alizunguka na kitambaa akifuta vumbi kwa mikono yake mwenyewe, mtu ambaye siku nyingine hata mlango wa gari hufunguliwa.

"Kesho makoti meupe, na yapigwe pasi," alituambia. "Mkiulizwa kitu, majibu mafupi. Sitaki wajuaji. Hasa wewe, Wakili."

Wakili ni mimi. Wenzangu walinipa jina hilo mwaka wa kwanza kwa sababu mdomo wangu hauna mlango.

Nilipokuwa naiweka hadubini mezani nikaona stika ubavuni mwake, ya kijani, yenye nembo ya wizara na neno moja kubwa: IMEKAGULIWA. Nikadhani macho yananidanganya. Ukaguzi ni kesho, hii imekaguliwa lini? Nikaenda kwenye mashine ya vichupa, nayo inayo. Jokofu vilevile. Ndipo nikaelewa. Vifaa hivi vilikuwa vinatembea kutoka chuo hadi chuo, vinawatangulia wakaguzi, na nikadhani safari hii mtu alisahau kubandua stika za kule vilikotoka.

"Umeona hii?" nikamnong'oneza mwenzangu wa meza moja, kijana tunayemwita Msomi.

"Sijaona kitu. Leo sina macho," akajibu bila kugeuka. "Wakili, nakuomba. Chuo kikikosa kibali tunarudi nyumbani sote mikono mitupu. Niachie maisha yangu."

Nilirudi nyumbani damu inanichemka. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele. Mama yangu ana kisukari. Mwaka uliotangulia alikwenda kupimwa kwenye zahanati moja, kijana wa maabara akamwambia sukari imeshuka mno, kunywa soda, ruka dawa. Kumbe ilikuwa imepanda. Nilimkuta kwenye sakafu ya jiko lile lile, hajitambui, na alilazwa muda mrefu mpaka majirani wakaanza kuniuliza habari zake kwa sauti ya chini. Baadaye nilikwenda pale zahanati kumtafuta yule kijana. Sikumkuta. Nilikuta cheti chake ukutani, kwenye fremu safi, na muhuri wa wizara unang'aa. Hiyo ndiyo sababu nilichagua kusomea kazi hii, nisije nikamwona mama wa mwenzangu sakafuni.

Nilipomweleza habari ya stika, mama aliweka ungo chini.

"Mwanangu, nisikilize. Kesho meza ulimi wako. Chukua cheti. Kazi utajifunza huko huko kazini."

"Kwa nani, mama? Kwa mgonjwa?"

"Kwa yeyote! Umebakiza kidogo tu. Usinivunje moyo."

"Yule aliyekupima wewe naye alikuwa anajifunza huko huko kazini."

Mama alichukua ungo wake akaendelea na mchele.

Lakini asubuhi niliamua kumtii, kwa njia yangu. Nilijiambia kwamba wizara ipo kwa ajili ya jambo hili hili. Kazi ya mkaguzi ni kukagua, basi akague, mimi nitabaki kimya kama nilivyoombwa. Nilichofanya ni kuigeuza ile hadubini taratibu, mpaka stika ikatazama mlangoni. Hata asiye na haja ya kuiona angeiona.

Walikuja wawili. Mkaguzi mkuu alikuwa mzee mpole mwenye miwani, sauti ya chini, mtu ambaye ungempa kiti popote. Nyuma yake alifuata dada wa makamo aliyebeba mkoba wa ofisi. Walisalimia kila mtu. Mkuu wa chuo alikuwa anacheka hata pale ambapo hakuna aliyesema kitu.

Mzee alifika mezani kwangu. Akainama. Akaiona stika. Akaniangalia juu ya miwani yake, akaiangalia tena stika, kisha akanyoosha mkono nyuma. Yule dada akampa stika mpya. Mzee akaibandika juu ya ile ya zamani, akaisawazisha pembe zote kwa kidole gumba, kwa utulivu kabisa.

"Vifaa vizuri," akasema. "Vimetunzwa."

Angekuwa haoni, ningemsamehe. Lakini aliona! Aliposogea nikaibandua pembe moja kwa ukucha. Chini ya ile ya jana kulikuwa na nyingine, na chini yake nyingine, zimegandamana mpaka zimekuwa nene. Vyuo vingapi? Wangapi wenzetu wamevishwa makoti meupe wakasimama kando ya hadubini hii hii, halafu wakapelekwa kwa wagonjwa? Nilitaka kupiga kelele mpaka vioo vipasuke.

Mzee alisimama katikati ya chumba akakohoa kidogo.

"Vijana, wizara imeridhika," alisema. "Chuo chenu kitapata kibali. Muhula ujao mnaingia hospitali, mtawahudumia wananchi. Mko tayari. Kuna swali?"

Msomi alinikanyaga mguu. Alikanyaga kwa nguvu, na ninamwelewa, lakini mkono wangu ulikuwa umeshapanda.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Sina swali, nina ombi. Naomba mkono wako."

Akadhani nataka kumpa mkono wa shukrani. Akaninyooshea kwa tabasamu. Nikautoa mfukoni mpira wa kufungia mkono, ule wa kusimamisha mshipa, uliokuja na lori. Nikaushika mkono wake, nikaanza kulikunja shati lake mpaka kwenye kiwiko.

"Unafanya nini?"

"Nataka kukutoa damu, mzee. Sindano hizo hapo, mpya, umezikagua mwenyewe. Wewe utakuwa mgonjwa wangu wa kwanza."

Watu walicheka. Naye alicheka, huku anauvuta mkono. Nami nikaushikilia.

"Binti, mimi nina presha."

"Basi dada hapo nyuma."

Yule dada aliukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mkuu wetu je? Mkuu, karibu. Unatujua tangu mwaka wa kwanza."

Mkuu wa chuo aliacha kucheka. Mlio wa lile jokofu la kuazima ukasikika chumba kizima.

"Mzee, umesema tuko tayari," nikamwambia. "Tuko tayari kwa nani? Mkono wako hautaki, ila wa mama yangu ndio unafaa?"

Aliuchomoa mkono wake, akateremsha shati, akafunga kifungo. Kisha akautia mfukoni, ndani kabisa, na hakuutoa tena mpaka alipoingia kwenye gari.

Gari lao lilipoondoka tu, Mkuu akanifukuza. Nirudi nyumbani, nisikanyage chuoni hadi nitakapoitwa. Kabla ya jua kuzama Msomi akanipigia simu: kibali kimetoka, lori limeshakuja kuchukua vitu vyake. Alisema hayo halafu akakata, sijui kwa aibu au kwa kunichoka.

Mama alinipokea kwa maneno makali. Nilimwacha amalize.

"Kwani ulimwambia nini huyo mtu mzima?" akauliza mwishowe.

"Nilimwomba nimtoe damu."

"Akakataa?"

"Akatia mkono mfukoni."

Mama alikaa kwenye kiti. Akakunja mkono wa gauni lake, akaulaza mkono wake mezani mbele yangu.

"Mimi sikatai," alisema. "Mimi nakuamini, mwanangu. Nionyeshe tu mshipa ulipo, roho yangu itulie."

Mpira ulikuwa bado mfukoni mwa koti langu. Nikamfunga. Akakunja ngumi mwenyewe bila kuambiwa, maana amezoea. Nikapapasa. Ubaoni mshipa ulikuwa mstari wa chaki ya buluu, umenyooka, hauna shida na mtu. Mkononi mwa mama kulikuwa na ngozi ya joto, makovu madogo ya sindano, na vitu vinavyoteleza chini ya kidole.

"Ni huo?"

"Sijui."

"Huu je?"

"Mama, sijui! Hawakunifundisha." Nililia, na nililia kwa hasira.

Hakunibembeleza. Alibaki anautazama mkono wake uliofungwa, kwa muda, kama anautathmini upya. Halafu akaufungua mpira mwenyewe.

"Kesho niamshe mapema," akasema. "Tunakwenda wizarani."

"Kufanya nini?"

"Mkono wake ameuficha. Wangu atauona."

Akaukunja ule mpira vizuri, akautia kwenye mkoba wake pamoja na dawa zake, akaenda kutafuta viatu.