Amecheua

Mama alinipigia simu Jumanne, saa tano asubuhi. Nilikuwa Ukunda kikazi, kwenye uwanja wa shule, nyoka wawili wa maonyesho wamo sandukuni na watoto mia na kitu wananipigia kelele niwatoe.

"Ruwaida, mtoto amecheua," alisema.

"Mtoto" ni Kikoi, chatu wangu wa mwaka mmoja, mita moja na ushei, kibali chake kimebandikwa ukutani juu ya sanduku lake la kioo. Niliachiwa yai lake na watu waliokuwa wakichimba msingi Kiembeni, likaanguliwa mkononi mwangu. Mama aliapa hatakanyaga chumba alimowekwa. Miezi mitatu baadaye nikamkuta amevuta kigoda mbele ya kioo, anamsimulia Kikoi bei ya nazi.

Sasa, kwetu kucheua si ugonjwa. Mtoto mchanga akicheua, ameshiba mpaka pomoni. Unamfuta kidevu, unampigapiga mgongo, unampa tena. Nikadhani Kikoi amekunywa maji yakamrudi, maana amewahi kufanya hivyo.

"Kipimo cha joto kinasema ngapi?" nikauliza.

"Thalathini na mbili."

"Basi mzima huyo."

"Nimpe tena?"

Mwalimu mkuu alikuwa ananipungia mkono. "Mpe, mama, mpe," nikasema, nikakata simu.

Nilirudi nyumbani Jomvu Kuu Alhamisi adhuhuri. Harufu ilinipokea barazani kabla ya mama, nayo haikuwa ya samaki. Udi ulikuwa umefukizwa juu yake, ukazidi kuiharibu. Nikatupa begi, nikaingia chumbani bila hata kumwamkia mzazi wangu, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe.

Kikoi alikuwa amelala ubavu. Ngozi imelegea, imefanya mikunjo kama soksi ya mtu mwingine. Mbele yake palikuwa na panya mzima, ameloa, manyoya yamenyonyoka. Pembeni, ndani ya gazeti lililokunjwa vizuri, palikuwa na mwingine. Huyo wa gazetini nilimpa Kikoi mwenyewe Jumamosi, kabla ya safari. Wa pili mama alimtoa kwenye friza, akamlainisha kwa maji ya moto kama anionavyo nikifanya, akampa kwa koleo la mkaa.

"Yuwacheua tangu juzi, maskini," alisema mama mlangoni.

Nikalipuka. Mimi hasira zangu ziko karibu, nazijua, lakini siku ile sikujaribu hata kuzishika.

"Huku si kucheua, mama! Huku ni kutapika! Amemtapika panya mzima, wewe ukampa mwingine! Tumbo lake limeungua na tindikali, ukaliongezea mzigo! Wataka kumuua?"

"Nalikuuliza nimpe tena," alisema polepole. "Ukanambia mpe."

Nilikumbuka. Nilikumbuka vizuri sana, na kwa kuwa nilikumbuka, nikatafuta neno la kuumiza zaidi.

"Huyu si mtoto, mama! Si mjukuu wako!"

Niseme wazi, kwa sababu kila mtu mtaani anajua. Niliolewa miaka sita, sikuzaa, nikarudi nyumbani na sanduku moja la nguo. Kila Idi jirani yetu Bi Kulthum huleta kaimati na swali lake: mjukuu yuko wapi? Mama hujibu, "Mungu hajaleta," kisha hushughulika na birika. Sijawahi kumsikia akinilaumu hata kwa kukohoa. Na mimi nikamrushia neno lile usoni. Akajifunika leso yake vizuri, akaondoka.

Nikampigia Daktari Valarie, daktari wa wanyama tunayefanya naye kazi.

"Mara mbili ndani ya siku tatu?" aliuliza. "Ruwaida, nisikilize. Usimlishe kwa siku kumi na nne, hata akikuangalia vipi. Umwekee maji. Usimshikeshike. Na joto, joto, joto. Nyoka akiwa na baridi tumbo halisagi, chakula kinaoza ndani. Akitapika mara ya tatu, mimi sikuahidi kitu."

"Joto liko sawa, daktari. Thalathini na mbili."

"Umeweka mkono?"

Sikuwa nimeweka. Nikaingiza mkono, nikaulaza sakafuni mwa sanduku. Baridi kama saruji ya msikitini alfajiri. Ulikuwa mwezi wa Julai, mvua imeshinda wiki nzima, na sisi watu wa Mombasa tumezoea kulalamikia joto hata hatuamini baridi ikitugusa. Lakini kipimo kilikuwa kinasema thalathini na mbili mbele ya macho yangu.

Nikaufuata waya wa kipimo kwa kidole. Haukuwa chini, mahali pake. Ncha yake ilikuwa imefungwa juu, karibu kabisa na taa ya joto. Taa ikiwaka kidogo tu, ncha inapata moto, kidude cha kipimo, ambacho ndicho kinachowasha na kuzima taa, kinaamini sanduku zima limepata joto, kinaizima. Huku chini Kikoi alikuwa anaganda kwa baridi na panya tumboni. Aliyeufunga waya ule ni mimi, Jumamosi, nilipokuwa nasafisha, usichafuke. Fundo lilikuwa langu. Hakuna mwingine katika nyumba ile anayefunga mafundo matatu.

Nililifungua kwa meno. Nikashusha waya, taa ikawaka, nikaona nuru imemwangukia mgongoni, nikavuta pumzi. Haikupita robo saa, stima ikakatika.

Nikatoka mbio barazani kutazama. Mtaa mzima ulikuwa hauna, na mvua inateremka. Nikarudi chumbani nikasimama katikati, mikono kichwani. Nilitaka kumkumbatia Kikoi kifuani, na nilikatazwa kumshika. Nilitaka kumwita mama, na sikuwa na uso wa kumwita.

Alikuja mwenyewe. Alibeba chupa nne za maji ya moto, kila moja ameiviringisha kanga, na nyingine imebanwa kwapani.

"Fungua," alisema.

"Zitamuunguza."

Akageuza mkono, akaiweka chupa upande wa ndani wa kifundo, akahesabu kimoyomoyo. Akafanya hivyo kwa kila chupa. Moja akaiongeza kanga ya pili.

"Wewe ulizaliwa wa miezi saba," alisema, huku anazipanga upande mmoja tu wa sanduku, Kikoi apate pa kukimbilia akizidiwa. "Hospitali mashine zilikuwa zimejaa. Siku arubaini nalikulaza baina ya chupa. Hukuungua."

"Mama, baridi ni mimi. Nimefunga waya vibaya. Hukukosea wewe."

"Shika chupa hii, inapoa. Kabadilishe maji."

Tulibadilisha maji mpaka Magharibi, mimi jikoni na yeye kigodani. Stima iliporudi, Kikoi alikuwa amejikunja, tumbo limegusa kanga. Nilimwomba mama radhi. Akasema amenisamehe. Lakini kuanzia siku ile alimwita "nyoka". Nyoka amekunywa maji, nyoka amelala. Kila alipolitamka, lilinichoma.

Siku kumi na nne ni ndefu. Kikoi alikonda mpaka uti wa mgongo ukaonekana. Siku ya tisa alikuja mbele ya kioo, akatoa ulimi, na mama akainuka akatoka chumbani, asije akashindwa akampa chakula. Siku ya kumi na tano nikampa kipanya kidogo kisicho na manyoya, ukubwa wa kidole gumba. Akakimeza. Mimi na mama hatukutazamana.

Siku ya kwanza baada ya mlo huo ikapita, ya pili ikapita. Siku ya tatu, ile ya hatari, maana ndiyo aliyotapikia mara ya kwanza, niliomba ruhusa kazini, nikashinda nanusa hewa ya chumba. Ya nne nililazimika kwenda, mama akabaki kigodani.

Simu ililia saa nane mchana. Niliona jina la mama. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama?"

"Amepata choo!" Alikuwa anapiga kelele. "Choo kizuri, Ruwaida, kigumu, na kile cheupe pembeni kama ulivyonambia! Hakutapika!"

Kwa mbali nikasikia sauti ya Bi Kulthum, lazima alikuwa amesimama dirishani kama kawaida yake.

"Nani huyo alopata choo?"

Mama hakuteremsha sauti, wala hakushughulika na birika.

"Mjukuu wangu," alisema.