Mteremko wa Kwenda na Kurudi

Tangu barabara ya San Rocco ifungiwe magari mwezi wa Aprili, duka la kukodisha baiskeli la Serravigna, kijiji cha Italia, lilikuwa limebadilisha raba za breki mara sitini na mbili, na cheni haikubadilishwa hata moja. Mwenye duka akapeleka malalamiko barazani. Baraza lilikuwa bado halijaandika kibao cha barabara, kile kinachomwambia mgeni urefu wa safari na kiasi cha kupanda, kwa hiyo likayaunganisha mambo hayo mawili na kumwita Delfina Cagnasso, mpima ardhi. Delfina alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa amepima kila mpaka wa mizabibu kutoka kijijini hadi mtoni, na nusu ya wenye mipaka hiyo hawakumsalimia.

Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi, alisimamisha darubini yake ya kupimia juu ya miguu mitatu mbele ya kanisa dogo la kijiji. Mti wa vipimo, ufito mrefu wenye alama za sentimita, ulishikwa na Battista Abrigo, aliyesambaza barua katika barabara hiyo kwa miaka thelathini na mmoja na ambaye, tangu astaafu, alikubali kazi yoyote iliyomtoa nyumbani. Barabara ilikuwa ya changarawe nyeupe, kilomita sita, kutoka kanisani hadi ghala la mvinyo la shamba la Bricco. Majani ya mizabibu pande zote mbili yalikuwa na rangi ya samawati ya dawa iliyopulizwa Ijumaa.

Kazi yenyewe haina siri. Mshika mti husimama, mpimaji husoma, kisha wote wawili husogea kituo kinachofuata. Mwisho hurudi pale walipoanzia, na hapo kupanda kote na kushuka kote sharti kufutane. Kwa mzunguko wa kilomita kumi na mbili, kosa la sentimita nne huvumiliwa.

Kwenda, barabara ilishuka mita mia mbili na arobaini. Kurudi, ilishuka mita mia mbili na arobaini.

Delfina alikaa kwenye ngazi za kanisa akajumlisha upya. Kwa mujibu wa daftari lake, kanisa lilikuwa mita mia nne na themanini chini ya lenyewe.

"Battista, huo mti umeushika kichwa chini?"

"Mimi? Nimebeba barua za watu miaka yote hiyo, sijashika hata kadi ya Krismasi kichwa chini."

"Ulipokuwa ukipita hapa na baiskeli, njia ilikuwaje?"

"Kwenda nashuka, kurudi nashuka."

"Na ukadhani nini?"

Battista aliwaza. "Nilidhani nina miguu mizuri."

Jumanne alipima tena kwa darubini ya kuazima. Tofauti ya vipimo vya siku hizo mbili ilikuwa milimita tatu. Usiku huo, kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo, alifungua kitabu chake cha shule akatafuta sura ya makosa. Makosa yote yaliyoorodheshwa alikuwa ameyaepuka.

Jumatano asubuhi mtu alimsubiri mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa Blagoj Stojčev, mtu wa Strumica kule Makedonia, mwenye miaka hamsini na minane, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mizabibu ya Bricco kwa msimu wa kumi na mbili. Aliishi na wenzake kumi na tisa katika shule ya zamani nyuma ya kanisa. Zamani gari la shamba liliwachukua kila asubuhi. Barabara ilipofungwa, shamba liliwapa baiskeli.

Blagoj alitoa barua ya daktari ndani ya mfuko wa plastiki. Wakati wa baridi alikuwa amewekewa kifaa cha moyo. Sheria ndogo ya baraza ilikuwa wazi: mfanyakazi mwenye barua ya namna hiyo ataruhusiwa kupelekwa kwa gari, ikiwa safari yake ya siku, kwenda na kurudi, ina kupanda kunakozidi mita mia tatu.

"Yangu ni mita mia nne na themanini, hizo hizo ulizopima, Mama Mpimaji," alisema. "Sikuombi unipendelee. Andika tu. Nikipanda hivi hadi mavuno yaishe, daktari kasema nisimlaumu."

"Blagoj, nimeipima mara mbili. Inashuka, kwenda na kurudi."

"Kwenu. Sisi kwenda tunapanda, kurudi tunapanda. Bwenini hakuna asiyejua."

"Mbona hamkusema?"

"Tulisema. Yule mwalimu wa Kiitaliano wa Jumamosi akatusahihisha. Akasema kwenda ni kupanda na kurudi ni kushuka, tukaandika mara kumi kumi."

Delfina hakulipenda jambo hilo, kwa sababu hakujua aliweke wapi. Hata hivyo alikuwa na njia moja tu ya kujua mambo. Jumapili, siku ya Blagoj ya kupumzika, alimkabidhi mti wa vipimo.

Kwenda, barabara ilipanda mita mia mbili na arobaini. Katika kituo cha thelathini na moja Blagoj aliomba kukaa. Delfina aliandika pembeni: dakika saba. Wageni walipita bila kukanyaga pedali, wakawapungia mkono, na harufu ya raba iliyoungua ikabaki nyuma yao. Kurudi, barabara ilipanda mita mia mbili na arobaini.

Jioni aliweka safu nne kwenye karatasi moja, mbili za Battista na mbili za Blagoj, akazijumlisha. Zilifutana. Kosa lililobaki lilikuwa milimita tisa. Katika miaka thelathini ya kazi hakuwahi kufunga hesabu vizuri namna hiyo, na alikaa muda mrefu akiitazama, asijue kinachomsumbua ni nini.

Katibu wa baraza, Ezio Marenco, alizisoma kurasa zote. Alikuwa mtu makini.

"Barabara ni ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Basi na kipimo kimoja."

"Inategemea nani kashika mti, Ezio. Anachoshuka huyu, yule anakipanda. Angalia, ni mita kwa mita."

"Naona. Lakini fomu haina nafasi ya mshika mti." Alichukua kalamu, akajumlisha safu nne polepole, midomo ikitembea, akaandika sifuri. "Nimekosea wapi?"

Delfina alipitia jumla hiyo mara mbili. "Hujakosea."

"Wewe je?"

"Hata mimi."

"Sasa dada yangu, ugomvi wetu ni wa nini?"

Kila mpima ardhi hufundishwa kwamba kosa linalobaki hugawanywa kidogo kidogo kwa vituo vyote, mpaka lisionekane. Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote, kwa milimita. Aliomba kurasa zake ziambatanishwe, na Ezio akaziambatanisha zote, akazigonga muhuri moja moja. Kisha Delfina akatia saini chini ya sifuri, kwa kuwa hesabu ilikuwa sahihi.

Ombi la Blagoj lilijibiwa wiki hiyohiyo. Kupanda kulikuwa mita sifuri, na sifuri haizidi mia tatu. Kibao kilisimikwa kando ya kanisa: Kilomita 6. Kupanda: mita 0. Wageni walikipenda, wakapiga picha mbele yake.

Katika wiki ya kwanza ya mavuno, Delfina alikuwa akienda Bricco kwa baiskeli alipomkuta Blagoj karibu na kituo cha thelathini na moja, akiisukuma yake. Alibana breki akaenda naye bega kwa bega, kwa mwendo wa miguu.

"Vipi leo?"

"Napanda."

"Mimi nashuka."

"Teremka basi, Mama Mpimaji. Utaunguza breki."

"Nina muda."

Delfina alisikia pumzi ya Blagoj na mlio wa raba zake mwenyewe, na vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Walifika ghalani wakati mmoja, Blagoj akiwa amefika juu, Delfina akiwa amefika chini. Blagoj aliegemea ukuta, kiganja kifuani, akasubiri. Kisha akatoa mkasi mfukoni akaingia kwenye mizabibu.

Jumamosi Delfina alipeleka baiskeli dukani. Mwenye duka alimbadilishia raba za breki, akaandika mara ya tisini na nne kwenye daftari lake. Cheni aliipangusa kwa kitambaa, akaiinua kwenye mwanga, akasema iko kama mpya.