Mtandao wa Kichuguuni

Simu iliita ndani ya kihenge cha mtama, na watu wazima wote waliokuwa wamekaa mbele yangu wakainua macho kutazama mawingu.

Iliita kwa muda mrefu, kwa mlio ule wa kizamani unaokwaruza masikio. Mama mmoja akaanza kukohoa kwa nguvu ili aufunike. Kikohozi kikamwishia, simu ikaendelea.

"Hiyo simu ni ya nani?" niliuliza.

"Simu gani?" alijibu Machibya, ntemi, yaani mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji kile, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu. "Hapa hatuna simu, baba. Sisi ni watu wa pamba na ng'ombe."

Kihenge kikaita tena. Dereva wangu, Limbu, ambaye ni Msukuma wa Dutwa, akainama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Nilikasirika, sitaficha. Nimezaliwa Bukoba, na kwetu mtu akitaka kukudanganya hujitahidi kidogo. Hawa walikuwa wananidanganya mchana kweupe huku ushahidi unalia nyuma yao, na wala hawakuona haya. Sikujua bado kwamba walikuwa wanaogopa.

Wakati huo Simiyu haijawa mkoa, Bariadi bado ni ya Shinyanga. Serikali ilikuwa imefungua soko, na kila kitu kikawa na wenyewe wengi: pamba iliyokuwa ikinunuliwa na chama cha ushirika peke yake sasa ina wanunuzi kila kona, na kampuni za simu nazo zinagombea wateja kama wapiga debe stendi. Mimi nilikuwa injinia wa masafa wa kampuni mojawapo, ofisi yetu iko Mwanza. Ukiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, nitakujibu hivi: masafa tuliyopewa yalikuwa machache, minara ilikuwa mingi, kwa hiyo tuliyagawa kwa kuyarudia. Minara miwili ikipewa masafa yaleyale na sauti zao zikakutana, ni kama watu wawili wanaomwita ng'ombe mmoja kutoka pande mbili. Ng'ombe anasimama katikati, haendi kokote. Simu yako hukatika hivyohivyo.

Na Bariadi mjini simu zilikuwa zinakatika. Wanunuzi wa pamba walikuwa wakipiga Mwanza kuuliza bei, hawajafika kwenye jibu, kimya. Msimu ulikuwa unakaribia na bosi wangu alikuwa hali wala halali, kwa sababu wanunuzi wale walikuwa wameanza kuhamia kwa wenzetu.

Nilipochunguza nikaona mkorofi ni mnara wa Dutwa. Mafundi walioufunga walikuwa wameiacha antena moja imeinua uso kupita kiasi, basi badala ya kuhudumia Dutwa ikawa inapiga kelele hadi kusikostahili. Dawa yake ni rahisi: fundi anapanda, anaiinamisha antena, nusu siku kazi imekwisha. Lakini kulikuwa na jambo lililonitatiza. Mnara haujui jina lako wala sura yako, ila unajua uko umbali gani nao. Na mnara wa Dutwa ulikuwa unaonyesha simu zinazotoka mbali sana, mbele ya Ngulyati, kwenye kijiji kiitwacho Mwasinzya, ambako kwa ramani yetu mtandao haupo kabisa.

Ndipo tukaenda, mimi na Limbu, na gari lenye antena juu ya paa, simu za kupimia zikiwa zimepangwa kwenye dashibodi. Mtandao ulikuwa unapatikana mahali pamoja tu: juu ya kichuguu kikubwa kando ya boma la Machibya, na pale kwenye kihenge kilichoegemea kichuguu hicho. Ukishuka hatua chache, umepotea. Kichuguu chenyewe kilikuwa kimekanyagwa hadi kinang'aa, na watu walikuwa wamekichongea ngazi. Halafu wananiambia hawana simu.

"Mzee," nilimwambia Machibya, "mimi sikuja kumkamata mtu. Nataka kujua tu kama mtandao huu una watu. Kama hauna, kesho fundi anapanda mnara wa Dutwa, antena inainamishwa, na hapa hautafika tena."

Machibya akawageukia wenzake, wakanong'ona Kisukuma. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyetua mzigo.

"Ni haki kabisa. Cha Dutwa kirudi Dutwa," alisema. "Sisi hatukukiomba."

Limbu akanivuta pembeni. Uso wake haukuwa na mzaha tena. "Bosi, hawa wanadhani wameiba. Watu wa kwetu Dutwa walitoa eneo mnara ukajengwa. Hawa wanaona mtandao ni wa Dutwa, wao wanaukinga tu unapomwagikia huku. Na gari letu na haya mapembe juu ya paa wanadhani ni la kunusa wezi. Wamekaa mkutano wakala kiapo. Atakayesema, anatengwa."

Unajua kutengwa kwa Wasukuma? Hupigwi, hufungwi. Hakuna anayekusalimu. Huombi moto kwa jirani, hualikwi kulima kwa pamoja, ukifiwa unazika peke yako. Mtu anapita mbele yako kana kwamba wewe ni kisiki. Wapo waliohama na familia zao wakaacha mashamba, kwa sababu afadhali ugeni kuliko kimya kile.

Nilijaribu kuwaeleza. Nikasema mtandao hauibiwi, kila anayepiga amekwisha kulipa, kampuni inafurahi. Machibya akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Hata mwizi wa ng'ombe," akasema, "husema majani ni ya wote."

Nilikwisha geuka kwenda kwenye gari. Nasema kweli, nilikuwa nimechoka nao, na akili yangu ilikwisha rudi Mwanza. Ndipo nyuma ya kundi akasimama mama mmoja mnene, mwenye gauni la wauguzi lililofifia rangi na kitenge kiunoni. Alikuwa Nyanjige, mkunga wa zahanati yao. Akapita katikati ya watu, akavua viatu, akapanda zile ngazi za kichuguu moja moja akishika goti, akafika juu akahema. Kisha akatoa simu kifuani na kupiga, na sisi sote tukimtazama.

"Haloo? Ni mimi wa kichuguuni," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Hapana, usiwashe gari. Leo hakuna mgonjwa. Nakusalimia tu."

Akashuka. Akaja hadi mbele yangu.

"Huyo ni dereva wa gari la wagonjwa, hospitali ya Bariadi," alisema. "Mama akishindwa kujifungua hapa, napanda pale, namwita. Zamani tulimbeba kwa baiskeli. Wengine walifia njiani, nikiwa nimewashika mkono." Akamwelekezea kidole mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mgongoni. "Yule Kwandu unamwona? Yuko hai leo kwa sababu ya kichuguu kile. Ukiinamisha hicho kitu chako, injinia, ujue umemwinamishia nani."

Kwandu alitazama chini. Hakuna aliyemtetea Nyanjige, hata yeye.

"Mayu, mama yetu," Machibya alisema polepole, "uliapa nasi."

"Niliapa, baba. Nilidhani watakuja kuuliza tu wataondoka. Sikujua wanakuja kuuchukua." Akavaa viatu vyake. "Fanyeni mlivyosema."

Wakafanya. Kabla Limbu hajawasha gari niliona kwa macho yangu watu wakimpisha njia, kila mmoja akigeuza uso. Alipita kati yao peke yake kuelekea zahanati, na hakuharakisha.

Tukashika njia ya kurudi Mwanza. Mimi nilikuwa nikijisemea moyoni: mama yule amelipa kabla ya kupewa bidhaa, na bidhaa iko mkononi mwangu. Ningefanyaje? Niiache antena kama ilivyo, mji wa Bariadi uendelee kukatika simu, nifukuzwe kazi na atakayekuja ainamishe siku ya kwanza. Ilibaki njia moja, nayo ni ya kichaa: kuiacha antena imeinua uso, lakini kuipa Dutwa masafa mengine yasiyogongana na ya mjini. Ukisikia hivyo unaona ni jambo dogo. Masafa ni kama mafiga: ukisogeza moja, chungu kinayumba, usogeze na jingine. Dutwa ikibadilika, jirani yake abadilike, na jirani wa jirani, hadi Maswa na Magu huko.

Bosi alinicheka. "Constantine, unataka kupangua kanda nzima kwa ajili ya kichuguu?"

"Nipe hadi msimu ufunguliwe," nikamwambia. "Simu za wanunuzi zikikatika, nifukuze."

Sijawahi kufanya kazi kwa hasira na mapenzi kwa pamoja kama wakati ule. Ramani zilijaa mezani hadi wenzangu wakahamisha chai yao chumba kingine. Nilipanga, nikapangua, mahali pakikaa sawa pengine panafumuka, nikatukana, nikaanza upya. Tulipobadilisha minara yote kwa pamoja, alfajiri ya Jumapili moja, nilikuwa natetemeka kama bwana harusi. Msimu ukafunguliwa. Wanunuzi wakauliza bei, wakajibiwa, wakabishana hadi wakaridhika. Bosi akanipiga kofi la mgongoni na hakukizungumzia tena kichuguu.

Mwasinzya nayo ikabaki na mtandao wake. Tena kwa kuwa kelele zilikwisha, ishara iliyokuwa ikizimwa njiani sasa ilisikika hata mbali na kichuguu. Nilijua hayo kwa hesabu tu. Sikuthubutu kwenda. Nilimwuliza Limbu habari za Nyanjige, akasema bado ametengwa.

"Lakini mtandao umebaki! Si wameona alikuwa sahihi?"

"Mtandao ni jambo lingine, bosi. Neno aliloapa ni jambo lingine." Akatikisa kichwa. "Wagonjwa wanakwenda kwake. Wanamwonyesha kwa kidole panapouma, anawapa dawa, wanaondoka. Hakuna anayesema naye."

Nilikosa usingizi kwa hilo. Unampa mtu mtandao wa kuongea na Bariadi nzima, na jirani yake hamwambii hata habari za asubuhi.

Baada ya mavuno bosi akaniita. Kulikuwa na hitilafu Dutwa, alisema. Simu fupi fupi, nyingi mno, zinaanzia umbali uleule na kuishia umbali uleule. Mwasinzya kwa Mwasinzya. Nani anampigia simu mtu anayeweza kumwita kwa mdomo? Kwa vyovyote mtambo ulikuwa unajizungusha, au kuna tapeli. Nikatazame.

Tulifika alasiri. Kichuguu kilikuwa tupu. Tukaenda moja kwa moja zahanati, na huko nje ya ua wa minyaa nikamwona Kwandu amesimama na mtoto wake mgongoni, ameupa mgongo mlango, simu sikioni.

"Mwadila, mayu," alikuwa anamsalimia mtu kwa Kisukuma kwenye simu. "Mhola? Mtoto ameanza kutambaa. Ndiyo. Amekula ugali jana."

Na ndani ya zahanati, umbali wa kurusha jiwe, niliisikia sauti ya Nyanjige ikicheka.

Nilisimama kama mjinga. Limbu ndiye aliyeelewa kwanza, akashika mdomo. "Amri ilisema mtu asimsalimie kwa mdomo wake wala asiketi naye," alisema. "Ni amri ya tangu mababu, bosi. Nani angetaja simu?"

Kwandu ndiye aliyeanza, tukaambiwa. Kisha jirani zake, kisha wanaume. Walikuwa wakija nyuma ya ua wakati wa kutoka shamba, wanageuka mgongo ili wasionekane wanazungumza naye, wanapiga. Wanamsimulia yote: mvua, ndama, nani kagombana na nani. Kesi ilipelekwa kwa Machibya, akaombwa akataze. Alifikiri siku nzima, kisha akasema yeye hakuona mdomo wa mtu ukimsalimia Nyanjige, ameona watu wanaongea na ukuta wa minyaa, na hilo si kosa.

Nikaingia ndani. Nyanjige alikuwa anapanga vyombo vyake, amekonda. Akaniangalia.

"Injinia," alisema, "hukuinamisha."

"Sikuinamisha, mama."

Nikaanza kumsaidia kupanga vyombo. Tukiwa tumesimama hivyo, simu yake ikaita mezani. Akaitazama namba na mikono yake ikasimama. Nikachungulia dirishani. Nje ya ua, mgongo umenyooka kwetu, alikuwa amesimama Machibya mwenyewe, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika yai.

Nyanjige aliiacha iite. Ikaita, ikaita, na yule mzee nje hakugeuka wala hakukata. Kisha akaipokea, akaiweka sikioni.

Sauti ya Machibya ilitufikia mara mbili, kwanza kupitia minyaa, halafu kupitia simu.

"Mwadila, mayu," alisema.

Machozi yalikuwa yanamshuka mama yule hadi shingoni, hakuyafuta.

"Mwadila, baba," alijibu. "Habari za nyumbani?"

Nilitoka taratibu nikaingia kwenye gari. Kesho yake nilimwambia bosi kwamba nimekagua Dutwa yote na hakuna hitilafu.